Shangazi, mama mkwe anazuia maendeleo

*Shangazi, nimeolewa Machame mwaka wa sita huu. Nataka tung'oe migomba na kahawa ya kizee, kihamba chote, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kiwe parachichi za Hass, maana zina soko. Mama mkwe hataki hata kusikia, na mume wangu yuko upande wake. Ni kweli ada yangu ya chuo mama huyo huyo aliilipa kwa ndizi zake, lakini Jumapili nilipoleta fundi wa msumeno, alirudi kutoka kanisani akafanya vita. Tena anasema binti zangu wawili hawana fungu kihambani. Nimechoka na watu wa zamani. Niondoke? Mama Wawili, Moshi.*

Pole, mwanangu. Boma moja na mama mkwe si jambo dogo.

Lakini huyo fundi wa msumeno umempitisha haraka haraka, na mimi nimemwona. Jumapili, mwenye shamba yuko ibadani! Mtu mwenye hoja hamvizii mwenzake. Mumeo amesimama na mama yake, na mimi nasimama hapo hapo.

Hiyo kahawa unayoiita ya kizee nayo iliingia Kilimanjaro ikiwa ngeni, mikononi mwa wamisionari, mwishoni mwa karne ya 19. Wazee waliipokea, ila hawakufyeka migomba kuipisha. Waliipanda kivulini, chini ya mgomba, samadi ya ng'ombe ikalisha vyote viwili. Kufikia 1933 walikuwa na ushirika wao, KNCU, na kahawa ikasomesha watoto. Kisha mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ukavunjika 1989, bei ikaporomoka. Jioni mtori wa ndizi ulipikwa kama kawaida, kwa sababu mgomba ulikuwepo. Wote wangekuwa kama mama mkwe wako, wakaikataa kahawa ngeni, ada za watoto hao zingetoka wapi? Na wote wangekuwa kama wewe, wakang'oa migomba, watu wangekula nini mwaka ule?

Ninyi wa siku hizi mnatafuta mwenzi wa kuitikia kila mnachosema. Akisema "ngoja", mnamwita adui. Nyumba ya watu wanaokimbilia upande mmoja inanitisha kuliko nyumba yenye mabishano.

Kuhusu mabinti, mama mkwe amekosea, na ningemwambia usoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haina nguvu mbele yake. Wako wanawake waliopigania jambo hilo wakiitwa wakaidi. Hapo usirudi nyuma hata hatua moja, na mumeo aseme mbele ya ukoo, si chumbani.

Usiondoke. Chuma jani la sale, lile Wachagga wanaloombea msamaha, umpelekee mama mkwe kwa mikono miwili, uombe radhi kwa ile Jumapili. Kisha mwombe akuonyeshe pembe ambayo mgomba umechoka, upande miche minne ya parachichi. Shimo la kwanza mchimbe pamoja, na mabinti wawepo.