Mama wa Ngamiani Anajibu: Bei za hisa darasani

SWALI: Shikamoo Mama. Nafundisha Commerce kidato cha tatu hapa Pongwe. Shule imepata projekta moja; intaneti ni bando langu mwenyewe. Nimeanza kuwaonyesha wanafunzi bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwenzangu mmoja anasema nafundisha watoto kamari. Mwingine anataka kila mwanafunzi achange 5,000 tununue hisa za kweli, eti ndipo watakapoelewa. Nimsikilize nani?
Mwalimu, Pongwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Wa kamari mwitikie kwa adabu, endelea na somo. Wa mchango ndiye wa kumkimbia. Hisa husajiliwa kwa jina la mtu kwenye akaunti ya CDS, yaani daftari la kielektroniki la wenye hisa, na hapo jina litakuwa lako. Bei ikishuka, wazazi hawatamwendea dalali, watabisha hodi kwako. Mimi niliwahi kushika fedha za kikoba cha walimu, watu wazima wenye akili zao, na mpaka leo yupo ambaye tukikutana soko la Mgandini anageukia nyanya.

Sasa projekta. Usifungue ukurasa wa soko kila kipindi, bando litakwisha na umeme utakukatikia katikati ya maneno. Soko likifungwa Ijumaa, piga skrinishoti moja. Jumatatu watoto wanakili bei za kampuni tano kwa kalamu, wiki kumi mfululizo, kisha wachore grafu. Watakuta hisa ambayo bei yake haijasogea hata shilingi, nao watakwambia imetulia. Waulize: zimeuzwa ngapi? Waoneshe safu ile ya idadi, mara nyingine ni sifuri. Bei imesimama kwa sababu hakuna aliyenunua wala aliyeuza, na anayetaka hela yake ya ada Januari atasubiri mnunuzi. Hilo kitabu cha Commerce nilichofundishia mimi hakikulisema.

Na nyie mna bahati. Kiwanda cha Saruji Tanga kiko hapo hapo Pongwe, na hisa zake ziko sokoni tangu 2002. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya hisa hizo ilitoka kwa AfriSam ikaenda Scancem, ya kundi la Heidelberg, ambalo lina saruji ya Twiga pia. Mwaka uliofuata ikachukuliwa na kampuni ya Amsons. Kabla Scancem haijanunua, suala hilo lilikuwa limefika mpaka Baraza la Ushindani, linaloamua kesi za ushindani wa biashara. Waache wabishane wenyewe: Simba, saruji ya Tanga, na Twiga wakiwa na mwenye mmoja, fundi wa Pongwe atanunua mfuko kwa bei gani? Nadhani kelele zitasikika hadi ofisi ya mkuu wa shule.

Kisha zima projekta, mrudi ubaoni. Mwaka 2024 Tanga UWASA, hawa hawa wanaotuletea bili ya maji, waliuza hatifungani ya kijani, yaani walikopa kwa watu kwa ajili ya mradi wa kutunza mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Milioni moja inazaa 135,000 kwa mwaka, yaani 67,500 kila miezi sita. Mtoto akishaipiga hesabu hiyo kwa mkono wake, mletee ule ujumbe wa WhatsApp unaoahidi asilimia 30 kwa mwezi, naye aipige pia ya mwaka mzima.

Na hela ya bando kaidai kwa mhasibu. Wewe ni mwalimu wa Commerce, iandike kwenye gharama.