Whitaker kabla ya Idi Amin

Mdogo wangu, umeuliza mwigizaji Forest Whitaker alikuwa wapi kabla ya kumcheza Idi Amin mwaka 2006. Alikuwa kazini! Mwaka 1988 alichukua tuzo ya mwigizaji bora kule kwenye tamasha la filamu la Cannes kwa kumcheza Charlie Parker, mpiga saksafoni, ndani ya filamu ya Bird. Baadaye akashika uongozaji: Waiting to Exhale ya 1995, yenye Whitney Houston na Angela Bassett, halafu Hope Floats, 1998.

Ila ukiniuliza mimi, anza na Ghost Dog ya 1999. Humo yeye ni muuaji wa kukodiwa anayeishi juu ya paa na njiwa wake. Hasemi sana. Tazama mabega, tazama anavyotembea, mwili mkubwa vile na upole ule! Nilipokuwa nasoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa hapa Bagamoyo, tuliambiwa kila siku mwili utangulie, mdomo ufuate. Nilikuja kuelewa kwa filamu hii. Na kwa Amin alijifunza hadi Kiswahili, jambo ambalo namheshimu sana. Ghost Dog itazame mara mbili, ya pili zima sauti.