Gesti yangu imepigwa faini kwa maji ya barabarani. Si sheria ya mkoloni hii?

SWALI: Shikamoo bwana afya. Nina gesti ndogo Mikindani. Maji ya bafuni yanatokea barabarani, manispaa wamenipiga faini. Kijana anayeandikia watu barua za mahakamani anasema hiyo sheria ya mkoloni ilikufa na Uhuru, nimpe hela aandike pingamizi. Fundi naye anataka bomba tuliingize kwenye mtaro wa mvua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Hela ya kijana kaa nayo. Barua za vishoka hawa naletewa kila mara, zina mihuri mikubwa na hoja ni hiyo hiyo moja.

Mkoloni alikuwa na sheria zake za usafi, na alijua kumwandama mwenye mgahawa wa uswahilini kuliko jirani yake wa uzunguni. Hilo sibishi. Lakini Uhuru wa 1961 haukufuta sheria zilizokuwepo. Kanuni ya Adhabu ni ya 1945 na inafunga watu mpaka leo. Tena faini yako haijatoka huko. Imetoka kwenye sheria ndogo za manispaa, zinazotungwa chini ya sheria ya mamlaka za miji ya 1982, na wanaozipitisha ni madiwani mliowachagua wenyewe. Juu yake ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Mkoloni anaingiaje hapo?

Anayenikera zaidi ni fundi. Mtaro ule unaishia baharini, na kiangazi maji yanatuama humo humo. Mtakuja kuniambia mbu wa malaria hapendi maji ya sabuni. Sawa, ila mbu mwingine, Culex, anayapenda, na huyo ndiye mmoja wa wanaotuletea matende na mabusha. Watu wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa mabusha ni nini.

Chimba shimo la majaribio siku za bamvua, maji ya bahari yakijaa. Ukikutana na maji kabla hujafika kiunoni, shimo la kunyonya halikufai: jenga karo lililosakafiwa chini, maji yake yawe yanavutwa na gari. Ni ghali, najua. Faini ilipe, kisha muombe afisa afya wa kata aje aone kazi ikiendelea.

Na ninyi mnaosubiri mvua ya usiku mtapishe vyoo mtaroni: asubuhi watoto wanapita pekupeku kwenye maji hayo hayo, na wa kwenu wamo.