Menyu ya Start: maswali yenu na majibu yangu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na waliokuwa wakisitasita wameanza kuhamia Windows 11. Wakifika huko wanakuta menyu ya Start si ile waliyoizoea, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Nimechagua yale yanayojirudia. Majina ya vitufe nimeyaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo yanavyosomeka kwenye kompyuta za wengi wenu.

Kaka, kitufe cha Start kimehamia katikati. Mkono wangu bado unakimbilia kona ya kushoto. Kinarudishwaje?

Weka kipanya mahali patupu kwenye mwambaa wa chini, bofya kulia, chagua Taskbar settings. Fungua Taskbar behaviors, kisha kwenye Taskbar alignment badilisha Center iwe Left. Inabadilika papo hapo, huna haja ya kuzima na kuwasha.

Na mkono wako una haki ya kulalamika. Kona haikosewi: unasukuma kipanya mpaka kigote, umefika. Kitufe kikiwa katikati lazima ukilenge, na isitoshe kinahamahama, maana kila unapofungua programu nyingine aikoni zote zinajipanga upya kuanzia katikati. Mimi kwenye kompyuta mpya huanza na hili kabla ya jambo lingine lolote.

Shikamoo mwalimu. Mara nyingi naonyesha kazi mbele ya wateja. Nikifungua Start, sehemu ya chini inaorodhesha faili nilizofungua karibuni, zikiwemo za wateja wengine. Naweza kuziondoa bila kuzifuta?

Marahaba. Unaweza, na kwa kazi yako ningekushauri ufanye hivyo leo. Jina la faili peke yake linatosha kutoboa siri: mteja akisoma kuwa kuna mkataba wa mshindani wake, huhitaji kuufungua ili ajue unafanya kazi na nani.

Kama ni faili moja tu inayokukera, bofya kulia juu yake na uchague Remove from list. Faili yenyewe inabaki ilipo. Kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha hiyo. Lakini kesho itakuja nyingine, kwa hiyo dawa ni kwenda Settings, kisha Personalization, kisha Start. Hapo kuna swichi yenye jina refu kweli kweli, inayoanza na Show recommended files in Start. Izime.

Sasa soma jina hilo mpaka mwisho kabla ya kubofya, kwa sababu halihusu Start peke yake. Linataja pia File Explorer, yaani dirisha la kupekua folda na faili, na Jump Lists. Maana yake ni kwamba ukiizima, orodha ya faili za karibuni ndani ya File Explorer inatoweka, na vilevile ile inayojitokeza unapobofya kulia aikoni ya Word au Excel kwenye mwambaa wa chini. Wengi huzima, wiki ikipita wanashangaa orodha ya Excel imekwenda wapi. Kufunga mambo matatu tofauti kwenye swichi moja naona ni uamuzi mbaya, maana anayetaka faragha kwenye Start si lazima atake usumbufu kila mahali. Kwako wewe unayekaa na wateja, bado faida inazidi hasara.

Ukiwa hapo hapo, zima pia ile ya mapendekezo ya vidokezo na programu mpya. Hiyo haina kazi nyingine zaidi ya kukutangazia bidhaa. Na kumbuka kwamba katika matoleo ya mwanzo ya Windows 11, hata ukizima kila kitu sehemu ya Recommended haiondoki. Inabaki tupu na maneno machache ya kukuomba uiwashe tena. Katika menyu iliyoanza kusambazwa mwishoni mwa 2025, ukizima vyote sehemu nzima inajificha.

Nimenunua kompyuta mpya na kwenye Start kuna michezo na programu ambazo sikuziomba. Nazitoa vipi, na nipange vipi zilizobaki?

Bofya kulia aikoni. Utaona maneno mawili yanayochanganya watu: Unpin from Start na Uninstall. La kwanza linaibandua tu kwenye menyu huku programu ikibaki kwenye orodha ya programu zote. La pili linaiondoa kabisa. Baadhi ya aikoni hizo za bure hata hazijasakinishwa. Ni kama bango, ukilibofya ndipo upakuaji unapoanza. Kwa hizo chagua Uninstall ili zisiendelee kukaa kwenye orodha kuu.

Ushauri wangu ni huu: bandua zote, hata zile unazodhani utazihitaji. Fanya kazi zako siku mbili tatu kwa kubonyeza kitufe cha Windows na kuandika herufi chache za programu unayoitaka. Andika "cal" na kikokotoo kinakuja, bonyeza Enter. Baada ya hapo utagundua kwamba programu nyingi huzihitaji kwenye menyu kabisa, kwa sababu kuandika ni haraka kuliko kutafuta kwa macho. Zinazostahili kubandikwa ni zile ambazo jina lake hulikumbuki, au unazozifungua ukiwa umeshika kipanya tu.

Kuzipanga: iburute aikoni uipeleke unakotaka. Ukiiachia juu ya aikoni nyingine zinaingia kwenye folda moja, nayo unaweza kuipa jina. Hilo lilikuja na toleo la Windows 11 liitwalo 22H2, la mwaka 2022. Kwenye kuburuta kuna ujanja mdogo: ukipita haraka juu ya aikoni ya pili, inasogea pembeni kukupisha badala ya kukupokea. Ipeleke hadi katikati ya mwenzake, tulia kidogo mpaka uone alama ya folda inajichora, ndipo uachie. Ukitaka moja iende mbele kabisa bila kuburuta, bofya kulia, chagua Move to front.

Naweza kuweka folda ya Downloads kwenye Start? Zamani ilikuwepo pembeni.

Bado ipo, imefichwa. Settings, Personalization, Start, kisha Folders. Washa Downloads, Documents au yoyote unayotaka. Zinajipanga kama vijialama kando ya kitufe cha kuzimia. Folda yako mwenyewe, ibofye kulia ndani ya File Explorer na uchague Pin to Start.

Na faili moja je? Nina lahajedwali ninayoifungua kila asubuhi, lakini nikiibofya kulia sioni Pin to Start.

Huioni kwa sababu kwa faili za kawaida haiwekwi. Kuna njia ya kuzunguka. Bonyeza Windows na R pamoja, andika shell:programs, bonyeza Enter. Inafunguka folda ambayo Start husoma ili kujua programu zako. Sasa tengeneza njia ya mkato ya ile lahajedwali, yaani shortcut, na uihamishie humo. Usihamishe faili yenyewe! Itakuwa vigumu kuipata siku ukiitafuta kwenye Documents. Baada ya muda mfupi jina lake litaonekana kwenye orodha ya programu zote, na pale ukibofya kulia, Pin to Start ipo.

Mimi na mwenzangu wote tuna Windows 11. Kwake programu zote zinaonekana humo humo kwenye Start, zimegawanywa kwa makundi. Kwangu lazima nibofye All. Nani ana kompyuta mbovu?

Hakuna mbovu. Mwenzako amepata menyu mpya, iliyosambazwa kwa matoleo ya 24H2 na 25H2 kuanzia miezi ya mwisho ya 2025. Microsoft haikuiachia kwa wote siku moja. Kompyuta mbili zilizosasishwa sawasawa zinaweza kutofautiana kwa muda. Kujua toleo lako, bonyeza Windows na R, andika winver. Likiwa la nyuma ya 24H2, sasisha kwanza kupitia Windows Update.

Ikikufikia, shuka chini ya menyu utakuta sehemu ya All yenye namna tatu za kuonyesha: kwa makundi, kwa gridi, au orodha ya kialfabeti. Makundi yanapendeza machoni, lakini yanapangwa na mfumo wenyewe. Huwezi kuunda lako wala kuhamisha programu kutoka kundi moja kwenda jingine, na programu ambayo haikupata wenzake wa kutosha inatupwa kwenye Other. Mimi ningechagua orodha.

Nataka vile vigae vya rangi vya Windows 10. Fundi mmoja amenishauri nipakue programu ya kurudisha menyu ya zamani. Je, ni salama?

Vigae tuvieleze kwanza. Vilianza na Windows 8 mwaka 2012, pale menyu ilipogeuzwa kuwa skrini nzima na kitufe cha Start chenyewe kikaondolewa. Watu walilalamika hadi kitufe kikarudi na Windows 8.1 mwaka uliofuata, na menyu kamili ikarudi na Windows 10 mwaka 2015, ikibeba vigae ndani yake. Windows 11 ikavitupa. Hakuna swichi ya kuvirudisha.

Programu za kubadilisha menyu zipo za kuaminika. Open-Shell ni ya bure na msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaweza kuusoma. Ni mwendelezo wa Classic Shell, ambayo mtunzi wake aliacha kuiendeleza mwaka 2017. Inakupa menyu ya mtindo wa Windows 7 na hata ya zamani zaidi. StartAllBack na Start11 ya Stardock ni za kulipia, unazijaribu kabla ya kununua. Anayetaka sura ya Windows 7 bila kuumiza kichwa, Open-Shell inamtosha.

Hatari iko kwingine. Kwanza ni mahali unapopakua: chukua kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, kwa Open-Shell ni ukurasa wake wa GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka msimbo wa programu zao, si kwenye tovuti zinazokusanya programu za watu na kuzifunga pamoja na takataka. Pili, programu hizi zinajishikiza kwenye viungo vya ndani vya Windows, kwa hiyo sasisho kubwa likija zinaweza kuyumba. Ukiona menyu imegoma baada ya sasisho, anza kwa kumshuku mgeni huyu. Na kama kompyuta ni ya ofisi, muulize anayesimamia mifumo kwanza.

Nikitafuta faili yangu kwenye Start inaniletea matokeo ya intaneti. Siyataki.

Wala mimi. Anayetafuta ripoti yake hataki kusoma habari za dunia. Walio katika nchi za Umoja wa Ulaya wana nafuu, kwani sheria ya huko imelazimisha mlango wa kuyaondoa. Wengine tunapita kwenye rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio ya ndani ya mfumo, na huko hatuendi kwa pupa.

Bonyeza Windows na R, andika regedit, bonyeza Enter. Kabla ya yote nenda File, kisha Export, uhifadhi nakala. Halafu fuata HKEY_CURRENT_USER, Software, Policies, Microsoft, Windows. Humo tafuta Explorer. Kama haipo, iunde kama ufunguo mpya. Ndani yake unda thamani ya aina ya DWORD (ya namba), iite DisableSearchBoxSuggestions, uipe 1. Zima na uwashe kompyuta. Kuirudisha, futa thamani hiyo. Kosea herufi moja ya jina hilo na hakuna litakalotokea, kwa hiyo likague kabla ya kulaumu maelekezo.

Nimepanga Start yangu vizuri. Naogopa kuipoteza nikianza upya.

Mpangilio wa ulivyovibandika umo kwenye faili moja, start2.bin. Bonyeza Windows na R, ubandike:

%LocalAppData%\Packages\Microsoft.Windows.StartMenuExperienceHost_cw5n1h2txyewy\LocalState

Nakili faili hiyo uiweke kwenye flashi. Siku ya kurudisha, sakinisha programu zako kwanza, kwa sababu faili hii haibebi programu. Kisha ibandike juu ya iliyopo, utoke kwenye akaunti na kuingia tena.

Dada yangu akibofya Start hakuna kinachofunguka.

Abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, atafute Windows Explorer kwenye orodha, abofye kulia na kuchagua Restart. Mwambaa utapotea kwa sekunde chache na kurudi, asishtuke. Ikishindikana azime na kuwasha, na kama ana programu ya kubadilisha menyu, aiondoe kwanza.

Sisi wa Linux hutujibu?

Nawajibu kwa ufupi kwa kuwa ninyi mna raha. Kwenye KDE Plasma, moja ya mazingira ya eneo-kazi ya Linux, bofya kulia kitufe cha menyu, chagua Show Alternatives, utapewa menyu za aina tofauti uchague mojawapo, bila rejista wala kupakua kitu. Kwenye Cinnamon, mazingira ya eneo-kazi ya Linux Mint, bofya kulia kitufe cha menyu, kisha Configure.