Msafiri wa Wakati Akigeuza Historia, Kitabu Kikae Rafu Gani?

SWALI: Ninasimamia maktaba ya shule huku Likoni, na tumepokea riwaya kadhaa za watu wanaosafiri kwenda zamani au wakati ujao. Mwalimu mwenzangu anataka zote ziwekwe pamoja na hadithi za kisayansi. Mimi naona zile zinazogeuza historia zinastahili rafu yake. Tufuate kigezo gani?

JIBU: Mwalimu, mnabishana kwa sababu mnapima mambo mawili kwa kipimo kimoja. Jinsi msafiri anavyovuka wakati ni jambo moja, na yanayoipata historia baada ya yeye kuvuka ni jambo jingine. Riwaya huweza kuwa na yote mawili, ikawa na moja tu, au isiwe na hata moja.

Anza na njia ya kuvukia. H. G. Wells, katika The Time Machine ya mwaka 1895, anamfanya msafiri wake aeleze kwamba wakati ni kipimo cha nne, baada ya urefu, upana na kimo, kisha aunde chombo kinachomfikisha mwaka 802,701. Hiyo ni hadithi ya kisayansi bila shaka, wala haina historia mbadala, kwa kuwa hakuna tukio la zamani lililobadilishwa. Kindred ya Octavia Butler, iliyotoka 1979, ni tofauti kabisa. Dana, mwanamke mweusi anayeishi California mwaka 1976, anavutwa ghafla hadi Maryland ya zama za utumwa, na hakuna mashine wala nadharia inayoeleza anavyofika huko. Butler mwenyewe alisema kitabu hicho si cha kisayansi kwa sababu hakina sayansi ndani yake, nami nakubaliana naye. Wala si historia mbadala: Dana analazimika kumwokoa tena na tena mtoto wa mwenye watumwa, ambaye ndiye mzee wa ukoo wake, ili yeye mwenyewe aje azaliwe. Uchungu wote wa riwaya umo humo, kwamba anailinda historia ileile inayomtesa. Kiwekeni kwenye fantasia, yaani hadithi za maajabu yasiyoelezwa kwa sayansi.

Historia mbadala, kwa upande wake, haihitaji msafiri. Inahitaji tukio lililokwenda kinyume cha lilivyokwenda, na mwandishi mwenye subira ya kuyafuata matokeo yake. The Man in the High Castle ya Philip K. Dick, ya mwaka 1962, inafunguka katika Marekani iliyogawanywa baada ya Ujerumani na Japani kushinda Vita vya Pili vya Dunia. Hakuna mashine ya wakati, lakini mwaka 1963 ilipewa Tuzo ya Hugo, ambayo ni ya hadithi za kisayansi na fantasia. Kwa hiyo mwenzako hajakosea kuuona udugu wa tanzu hizi.

Kazi ngumu iko kwenye vitabu vyenye yote mawili. Tuseme mwanafunzi wako anaandika kisa cha msichana wa Kibokoni anayepelekwa na mashine hadi Fort Jesus, ngome ya Wareno mjini Mombasa, mwaka 1696, Waomani wanapoanza kuizingira. Tunajua kwamba ngome ilianguka Desemba 1698, na meli za msaada kutoka Goa, koloni la Wareno huko India, zikafika zimeshachelewa. Msichana akiishuhudia njaa na maradhi ya mle ndani kisha akarudi kwao, kisa ni cha kisayansi. Akiziwahisha zile meli, ngome ikaokoka, na sehemu kubwa ya kisa ikasimulia Mombasa iliyoendelea kutawaliwa na Wareno, hiyo ni historia mbadala, kwa kuwa mashine imekuwa mlango tu wa kuingilia. Lakini badiliko hilo likijitokeza katika kurasa mbili za mwisho ili kumshtua msomaji, ningekirudisha kwenye hadithi za kisayansi. Mimi hutazama kurasa nyingi zinakaa wapi, na ni kitu gani kikiondolewa kisa hakisimami.

Mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba, hautawasaidia hapa, kwani hupanga fasihi kwa lugha: 823 kwa bunilizi za Kiingereza, 813 kwa zile za Marekani, 896.392 kwa fasihi ya Kiswahili. Utanzu mtauonyesha wenyewe kwa kibandiko cha mgongoni mwa kitabu. Bandikeni kimoja tu, cha utanzu unaobeba kisa. Ila kwenye katalogi andikeni vichwa vya mada vyote viwili, safari za wakati na historia mbadala, ili mwanafunzi akipate kitabu kwa njia yoyote atakayokitafutia.