Kamera ya mtumba: anzia A au Av

Ndugu yangu, kwa kuwa umeuliza uanzie wapi ukiiacha hali ya otomatiki, kwanza rejesha mipangilio ya kiwandani, maana mwenye kamera wa awali huenda aliibadilisha, kisha zungusha gurudumu la hali za kamera hadi A, ambayo Canon huiandika Av, ili wewe uchague tundu la lenzi nayo kamera ijipangie kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga. Namba ndogo ya tundu, kama f/2.8, hufifisha usuli. F/8 huonesha wazi uchochoro mzima wa Mji Mkongwe, mradi mwanga unatosha. Kinachosumbua zaidi hapa Unguja ni mchanga mweupe wa Nungwi na kuta za chokaa, kwani kamera hudhani mwanga umezidi na kuitia picha kijivu, hivyo weka fidia ya mwanga, yaani kuongeza mwanga kuliko kamera ilivyojipangia, kwenye +1. Hali ya M, ambayo wewe hupanga tundu na kasi mwenyewe, kwa maoni yangu, haina haraka.