Dar hadi Guangzhou: usiulize saa ngapi tu, uliza na usiku upi

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, Dar mpaka Guangzhou ni saa ngapi kwa ndege? Nataka kwenda China, kwenye maonyesho ya biashara ya Canton ya Oktoba." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kulijibu kwa mbwembwe ukweni, wiki moja kabla sijaaibika.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Baiyun, uwanja wa Guangzhou, ni kama kilomita 8,700. Wengi wetu tunaunganisha, na hapo inafika takribani 9,800, upitie Dubai au upitie Addis Ababa. Nilikesha nikitafuta njia fupi, kumbe zinalingana! Tofauti ni inavyokatwa tu: kwa Dubai unakaa angani saa tano na ushee, halafu saba na kitu, kwa Addis unaanza na kama saa tatu, kisha kumi mfululizo mpaka miguu inavimba.

Mahesabu hayo nilikuwa nayo kichwani yote. Tiketi yangu iliandikwa 02:40, tarehe 14. Nikasoma: saa nane na dakika arobaini usiku. Safi. Tarehe 14 nikashinda dukani Kariakoo, nikaagana na majirani, na saa nne usiku shemeji akanishusha uwanjani na mabegi mawili matupu. Dada wa kaunta akatazama pasipoti, akatazama kompyuta, akasema taratibu, "Kaka yangu, hii imeondoka jana usiku."

Nikambishia! Jana ni tarehe 13, nikamwambia, mimi nasafiri 14. Akaniwekea kidole kwenye zile namba. Ndege ilipaa alfajiri ile ya tarehe 14 yenyewe, mimi nakoroma Mbagala.

Tiketi ya bei chee hairudishwi. Nikanunua nyingine, bei siitaji, mke wangu anasoma hapa. Wakala aliyenikatia ile ya kwanza hakunitamkia neno kuhusu usiku wenyewe, na hilo bado linaniuma, ingawa macho yalikuwa yangu.

Kinachonichoma zaidi ni bibi yangu wa Pangani. Hajawahi kupanda ndege, lakini asingekosea. Kwake usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia Jumanne, basi. Sisi tuliosoma ndio tumevuruga.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiona 00, 01, 02 au 03, nyumbani unatoka tarehe ya nyuma. Andika ukutani: "usiku wa kuamkia". Mwambie na anayekupeleka. Halafu soma tena tarehe. Na saa za kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo, na China iko mbele yetu saa tano. Ukiondoka 02:40 ukatua 23:40, usiseme umesafiri saa 21. Ni 16, pamoja na kusubiri. Kurudi huwa kurefu kidogo, upepo wa juu unaipinga ndege.

Vijana mnataka kontena, karatasi moja ya tiketi hamtaki kuisoma mara mbili. Soma! Mimi nimeshakwenda mara sita, na tano kati ya hizo nilifika uwanjani mapema mpaka walinzi wakanizoea.

Shemeji? Nikimwambia nina safari, anachukua funguo za gari na kuuliza, "Ya leo, au ya jana?"